Koti la Mlandege Jazz

Kaka yangu Mrisho aliamini kwamba muziki ulizaliwa Mbeya, nyumbani kwetu, siku aliyovaa suruali yake ya kwanza ya bugaluu. Kabla ya hapo, kwa maelezo yake, watu walikuwa wakipiga kelele tu. Yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wa Orchestra Loleza: magitaa, kinanda cha umeme, tumba, na mimi, Mwamvita, mwimbaji ambaye baba alishakata tamaa naye. Viatu vya Mrisho, raizoni, vilikuwa na soli ndefu kiasi kwamba akipanda jukwaani ilibidi tumshike mkono, na bado alijiona mfalme.

Iringa kulikuwa na Mlandege Jazz. Hao walivaa makoti meusi na tai, wakapuliza saksafoni na tarumbeta kwa adabu, kana kwamba askofu yuko ukumbini. Mpiga tarumbeta wao, Didas, alijifunza kwenye bendi ya misheni Tosamaganga, na hata rumba aliipiga macho yamefumbwa. Kiongozi wao, Bujiku, alikuwa Msukuma wa Usangu, kijana mrefu na mpole ambaye mikono ya koti ilimwishia kabla ya viganja. Yeye ndiye mwenye saksafoni. Nilimpenda tangu siku ya kwanza, na kwa sababu hiyo nilikuwa namsema vibaya kila nilipopata nafasi.

Wazo la kutuunganisha lilikuwa la Bwana Kalinga, ofisa utamaduni, mtu ambaye hajawahi kuonekana akicheza hata kwenye harusi yake. Sisi tulikuwa na spika kubwa lakini hatukuwa na mabomba, yaani vyombo vya kupuliza. Mlandege walikuwa na mabomba, na spika yao moja ilikuwa inakohoa. Kwa hiyo siku ya Saba Saba, mchana, tungepiga pamoja Iringa, jukwaa moja, muziki mmoja. "Umoja," alisema Bwana Kalinga, akaenda kula.

Mazoezi tukayafanyia kwao, mtaa wa Mlandege, na umoja haukutokea. Mrisho alisema saksafoni ni chombo cha kusindikizia maiti. Didas akajibu kwamba amewahi kusindikiza maiti wengi, na wote walikuwa na adabu kuliko mashabiki wa Loleza. Magitaa yetu yakikimbia, mabomba yao yanatembea. Tukipunguza mwendo, Mrisho anapiga miayo ili aonekane. Mwishowe wakaafikiana jambo moja tu: Mlandege wakae kushoto mwa jukwaa, Loleza kulia, kila upande upige zake kwa zamu, halafu Bwana Kalinga aite hiyo muziki mmoja.

Jioni ya mazoezi ya mwisho nilimkuta Bujiku amekaa juu ya sanduku la amplifaya na glasi ya chai iliyokwisha kupoa.

"Baba anakuja Saba Saba," akasema. "Anakuja kuamua."

Baba yake, Mzee Malimi, alikuwa na ng'ombe waliotapakaa nusu ya Usangu na mtoto mmoja wa kiume, ambaye badala ya kuchunga anapuliza bomba mjini. Alikuwa amemvumilia mpaka kiangazi hiki. Bujiku alimtumia salamu kwa madereva wa malori kwamba atapiga Iringa, bendi mbili, wao na watu wa Mbeya. Jibu lilirudi kwa njia ile ile: ukishinda, baki na bomba lako; ukishindwa, unarudi na mimi kwenye lori nitakalokuja nalo.

"Ukimshinda nani?" nikauliza.

"Nyie."

Nikaelewa, na nikataka kucheka. Kwa Wasukuma, mavuno yakishaisha, ngoma mbili huwekwa kwenye uwanja mmoja, zikapigwa kwa wakati mmoja, na watazamaji hukimbilia ile iliyokolea. Hakuna jaji. Penye watu wengi ndipo penye ushindi, na hata ndugu yako wa damu anaruhusiwa kukukimbia ngoma yako ikipoa. Mtu wa namna hiyo ukimwambia bendi mbili, jukwaa moja, mwezi wa saba, unategemea afikirie nini?

"Si ungemwambia tunashirikiana?"

"Nimemwambia. Nikamwambia hapa hakuna atakayeshinda. Akaniuliza, sasa watu watajuaje wasimame wapi?"

"Wasukuma bwana," nikasema. Babu yangu alikuwa Mzaramo, kwa hiyo Bujiku alikuwa mtani wangu na nilikuwa na haki ya kumtukana saa yoyote. "Nyie mnashindana hata kulala."

"Na nyie mnalala bila mashindano na bado mnachelewa kuamka," akajibu, lakini hakucheka. "Mwamvita, mimi nikirudi kule sitapuliza tena. Namjua baba. Ataniozesha, atanipa zizi, na hii saksafoni kuku watataga ndani."

Nikaichukua ile glasi, nikaenda kumletea chai ya moto.

Saba Saba ikafika na baridi yake ya Iringa. Lori lilipanda kutoka Ipogolo likiwa limejaa wanaume wamejifunga mablanketi, na mbele kabisa, amesimama, Mzee Malimi na usinga wake. Alikuwa mrefu kama mwanawe. Akaingia ukumbini, akaangalia jukwaa, kushoto mabomba, kulia magitaa, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kila kitu kilikuwa kama alivyotarajia.

"Ninyi, huku," akawaambia watu wake, akawapanga upande wa kushoto kwa usinga.

Watu wa Iringa wakaona ukuta wa Wasukuma umejipanga mbele ya bendi yao. Nao, wasionekane wageni kwao, wakajipanga nyuma yao. Watu wa Mbeya waliokuja na basi wakaona wametengwa, wakahamia kulia. Katikati pakabaki sakafu tupu. Bwana Kalinga akasimama akahutubia ile sakafu habari za umoja, na akashangiliwa upande mmoja mmoja.

Mlandege wakaanza. Nilijua kabla ya ubeti wa pili kwamba mambo yameharibika. Bujiku alikuwa anapuliza huku anamwangalia baba yake, na mtu anayepuliza kwa woga hata wewe usiyejua muziki unamsikia. Wimbo ulikuwa mzuri, ila ulisimama pale pale kama ng'ombe aliyegoma. Mrisho akanikonyeza. Zamu yetu ikafika.

Hapo ndipo liliponijia jambo ambalo nilikuwa nimekataa kulifikiria tangu jioni ile ya chai. Nikiimba vizuri, nampandisha Bujiku kwenye lori. Basi nikaamua kuimba vibaya. Nikaimba ubeti mzima kama mtu anayeita mbuzi. Mrisho akanitazama kwa uchungu, na msichana mmoja wa Mbeya akacheka. Akacheka wazi, na mkono hakuweka mdomoni.

Nina hasira mimi, sijawahi kuficha. Ubeti wa pili niliuimba kama ulivyotungwa, na wa tatu kuliko ulivyotungwa. Magitaa yakanifuata, tumba zikaitika, na wale waliosimama kushoto wakaanza kugeuza shingo. Wakavuka vijana wa Iringa. Wakavuka wanawake. Halafu nikamwona Mzee Malimi amesimama, anasikiliza, usinga umeshuka. Akamwangalia mwanawe mara moja, akavuka ile sakafu taratibu, mwenyewe, bila kusukumwa na mtu, na watu wake wa mablanketi wakamfuata.

Kushoto hakubaki mtu. Bujiku alisimama na saksafoni yake shingoni mbele ya sakafu tupu, na nyuma yake Didas amefumba macho, hana habari. Machozi yalinitoka, na nikaendelea kuimba, kwa sababu sikujua kufanya kingine.

Ndipo Bujiku akaanza kutembea. Alivuka jukwaa mbele ya macho ya watu wote, akaja akasimama kati yangu na gitaa la Mrisho, akaipeleka saksafoni mdomoni na kunijibu. Mimi nikisema, yeye ananijibu. Hakuwa anamwangalia baba yake tena. Mrisho alitaka kumsukuma, niliona mguu ukinyanyuka, lakini raizoni zile haziruhusu mtu kusimama kwa mguu mmoja. Ikabidi apige. Na alipopiga, gitaa likaingia palepale saksafoni ilipoacha nafasi, na ule muziki tuliougombania wiki nzima ukawa umeshatokea, bila ruhusa ya mtu.

Ukumbi ukachanganyika. Didas akafumbua macho, akakuta yuko peke yake, akabeba tarumbeta na kiti chake na kutufuata akinung'unika. Bwana Kalinga alikuwa anamwambia kila mtu kwamba ndivyo alivyopanga.

Nje, jua bado lipo, Mzee Malimi alikuwa anatusubiri kando ya lori.

"Shikamoo mzee. Mimi mtani wako, Mzaramo," nikasema.

"Marahaba, mtani. Umenivuta kama ndama." Akamgeukia mwanawe. "Umeshindwa."

Bujiku akainamisha kichwa. Mimi nikafungua mdomo, mzee akaninyamazisha kwa usinga.

"Ngoma yako ya kwanza nimeiacha mimi mwenyewe, na mimi ni baba yako. Mtu kufuata watu waliomkimbia, hilo sijaliona tangu nizaliwe. Kwetu wangekupiga."

"Ndiyo, baba."

"Nilisema aliyeshindwa anarudi na mimi."

"Ndiyo, baba."

"Aliyeshindwa ni yule aliyesimama kule kushoto, amevaa koti jeusi. Lete koti."

Bujiku hakuelewa. Mimi ndiye niliyelivua mabegani mwake. Mzee akalipokea, akalikagua mishono, akalivaa juu ya blanketi. Mikono ikamwishia kabla ya viganja, vilevile.

"Huyu namrudisha," akasema. "Mama yako nitamwambia nimemrudisha. Wewe mwingine sikujui sana, lakini unapuliza vizuri."

Akapanda. Lori likateremka kuelekea Ipogolo, na Mzee Malimi amesimama mbele na koti la Mlandege Jazz, hakugeuka nyuma. Bujiku alilitazama mpaka likapotea, amebaki na shati tu katika baridi ile, analia bila kujificha. Nikafungua khanga yangu ya pili nikamfunika.

"Usidhani ni yako," nikamwambia. "Nitaitaka."

Mpaka leo sijaitaka.