Yai la Kiotani

Mwalimu Jaafar alikuwa na kinyaa cha kupindukia. Chai ya shule hakuinywa, chaki aliishika kwa leso, na watoto wa Mambrui walikuwa wameshamcheka wakachoka. Leo kinyaa hakikuwa na nafasi. Mkaguzi wa shule, Bwana Dzombo, alikuja kumtazama akifundisha sayansi ya huu mtaala mpya wa 8-4-4. Asiporidhika, Jaafar hathibitishwi kazini. Atarudi Malindi kupima vitambaa dukani kwa mjomba wake.

Somo lenyewe lilikuwa jepesi. Gilasi mbili mezani: moja ya maji ya mvua, ya pili ya maji yaliyokorogwa chumvi yakakolea. Yai lizame huku, lielee kule. Yai lililetwa na Kuluthumu, msichana wa mstari wa mbele, nalo lilikuwa limegandwa na kinyesi cha kuku. Jaafar alilitumbukiza kwa ncha za vidole, mwili ukimsisimka.

Likaelea. Kwenye maji ya mvua!

"Umechanganya gilasi, mwalimu," alisema Bwana Dzombo. "Hayo ni ya chumvi."

"Sikuchanganya, bwana. Haya ni matamu, hayana chumvi."

"Ni matamu? Haya, yaonje."

Wallahi hakuwa akitania. Jaafar alivitazama vile vijitaka vya kahawia vikizunguka ndani ya gilasi, akafumba macho, akapiga funda.

"Matamu," alisema, akijifuta midomo kwa leso.

"Haiwezekani!" Bwana Dzombo alilitwaa yai akaligonga ukingoni mwa meza. Likapasuka paa! Uchafu wa kijani ulimrukia kifuani, ukamjaa kiganjani, na uvundo ukaenea darasa zima. Watoto walikimbilia madirishani wakitema mate.

"Yai viza!" alilia Kuluthumu. "Niwie radhi, mwalimu. Bibi huacha moja kiotani ili kuku asihame. Nimelichukua hilo kwa kuwa haliliwi."

Jaafar alijikaza, leso puani. Yai likikaa, aliwaeleza, maji na hewa mbovu hupenya gandani vikatoka. Uzito hupungua, ukubwa haubadiliki. Ndiyo sababu lilielea.

Bwana Dzombo alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Hongera, mwalimu. Nitaandika uthibitishwe." Akamnyoshea mkono ule ule.

Jaafar aliutazama. Uchafu ulikuwa bado ukichuruzika baina ya vidole. Akaupokea kwa mikono miwili.