Barua Aliyoinywa Mama

Mwaka ule reli ilipofika Kasese, mke wangu Kulusum alimnywesha mama yangu barua ya Mzungu. Wallahi sikuwa na habari.

Ilikuwa ya Bwana Rosi, fundi wa migodi ya shaba. Babu yake alikuwa msomi wa vitabu huko Uskochi, mtu wa kuandikia watu barua kutwa kucha, naye Bwana Rosi alizikusanya ili aandike maisha ya huyo babu. Hii ilikuwa ya mwisho. Mzee aliiandika akiwa mahututi, kwa mwanawe aliyevikimbia vitabu akaenda kuchimba mawe. Huyo ndiye baba yake Bwana Rosi, na aliogopa kuifungua mpaka akafa. Bwana Rosi akaifungua, akashindwa kuisoma: mzee alijaza ukurasa, akaugeuza ubavu, akaandika tena juu ya mistari ileile.

"Sowedi, mimi nataka kujua tu kama babu alisamehe baba," aliniambia. Nikapewa niipeleke na lori langu Bwera, kwa padri mmoja mwenye kioo cha kukuzia maandishi.

Nikapitia kwangu Muhokya kumwona mama, homa yake siku ya nne. Nikatundika koti, barua ikiwa mfukoni, nikaenda kuswali. Kurudi, nakuta karatasi tupu imeanikwa juu ya kikapu.

"Baba Hajara, si ni kombe umetoa kwa shehe, aya za kuosha mgonjwa anywe?" Kulusum alishangaa. "Wino iko rangi ya zafarani, maandiko iko juu ya maandiko. Nimeosha, mama amekunywa maji yote."

Nilitaka kufoka, nikachungulia ndani kwanza. Mama mwenyewe alikuwa ameketi, anaomba uji!

Nikageuza lori, nikarudi migodini kuungama. Bwana Rosi alinisikiliza, kisha akapanda lori. Nyumbani aliketi mkekani mbele ya mama, akamweleza yote, habari ya babu, ya baba na ya ule woga. Nilitamani ardhi inimeze.

Mama alimtazama sana. "Huyo mzee hakuwa na hasira," akasema. "Maneno ya hasira inachoma tumbo. Hii imelala vizuri. Alisamehe."

Bwana Rosi akajifunika uso kwa kofia, akalia.

Mimi mpaka leo sielewi. Mama hajui kusoma hata jina lake, na homa huondoka hata yenyewe. Mgeni alipotoka nikamuuliza, "Mama, ile neno ni kweli?"

Akanikazia macho. "Mimi si nimepona?"