Kisahani cha Lucas

Lucas, kijana wa chuo kikuu, alikuja kwetu Amani na chombo cha kupima umeme wa angani, akakisimika uani. Alitueleza kwamba zamani wataalamu walirusha tiara mawinguni kuutafuta umeme huo. Wengine walining'iniza vijikaratasi viwili vya dhahabu ndani ya chupa. Umeme ukikaribia, vinaachana.

"Kama mimi na marehemu mume wangu alipomleta huyu," nikasema, nikimwonyesha Kijakazi, mke mwenzangu. Akabenua mdomo.

Cha Lucas kilikuwa kisahani cha chuma king'aacho, kinazunguka kutwa juu ya kigingi. Umeme ukizidi angani king'ora kinalia, wachuma chai wakimbilie ghalani. Hafsa, mwanangu wa pekee, alikuwa mmoja wao.

Alasiri moja wingu likashuka, ngurumo ikaanza. King'ora kimya.

"Hewa imetulia, bibi," Lucas akasema, macho kwenye kompyuta. "Inasoma sifuri."

"Imetulia wapi? Malaika ya mikono yamenisimama. Kaangalie chombo chako, mjukuu wangu. Mwanangu yuko huko."

Tukatoka. Kisahani kilikuwa kimeviringishiwa kanga, kimefungwa fundo, kimekwama.

"Ngurumo ikianza si tunafunika vioo?" Kijakazi akasema toka mlangoni. "Na hicho kinang'aa kushinda kioo. Ningekiacha kituitie radi?"

Sisi wawili tulizaliwa pwani, tumelelewa hivyo, na muda huohuo kioo changu chumbani nilikuwa nimekifunika shuka.

Lucas akaichana kanga. King'ora kikalia, na radi ikapasua mteremko papo hapo.

Wachumaji wakaja mbio, vikapu wamevitupa. Kila aliyepita nilimshika nguo. "Hafsa yuko wapi?"

"Alikuwa nyuma yetu, mama."

Nyuma yao hapakuwa na mtu.

"Bibi, usitoke, bado inapiga," Lucas akanizuia. Kijakazi alikwishanipita, peku, kichwa wazi mvuani. Nikamfuata.

Tulimkuta Hafsa amekaa kwenye matope katikati ya michai, macho wazi, kiatu kimoja kimeungua. Nikamwita. Hakugeuka. Kijakazi akamwita kwa sauti iliyokatika. Hakugeuka.

Nikapiga magoti mbele yake, nikamtukana lile tusi alilozoea baba yake, ambalo tangu utotoni humvunja mbavu kwa kicheko. Nikalirudia kwa kelele, machozi na mvua vikiniingia kinywani.

Mwanangu alikuwa akiitazama midomo yangu tu.