Kopo Lililonyamaza

Kopo lile lilikuwa limekaa rafu ya juu ya stoo tangu duka lifunguliwe, na mnunuzi hakuna, kwa sababu rangi iliyokuwamo ilifanana na maziwa yaliyochacha. Kifuniko chake kilikuwa kimelegea upande mmoja. Kila Jumapili alasiri bendi ilipojifungia humo stoo kufanya mazoezi, mpiga gitaa akigonga ule uzi mnene kuliko wote ukiwa wazi, bila kuuwekea kidole, kifuniko kilitetemeka na kulia zzzz. Bendi ilikuwa na watu wanne, basi kopo wakaliita mwanachama wa tano. Mama Rangi, mwenye duka na mwimbaji wao, alishazoea kunyoosha mkono na kulikandamiza kwa kiganja huku akiendelea kuimba.

Jumapili moja alinyoosha mkono kama kawaida, kumbe hakuna cha kukandamiza. Kaka yake, ambaye ndiye mpiga gitaa, alikuwa anaukung'uta uzi ule ule, wimbo ule ule, spika zinanguruma mpaka vumbi la chokaa linaruka sakafuni, na kopo limetulia tuli. Alimaliza ubeti bila kujua ameimba nini. Akajaribu kukumbuka mara ya mwisho alipoligusa, akashindwa.

Kaka mtu na mpiga ngoma walipotoka kwenda kununua soda, alipanda ngazi akalitikisa. Kifuniko bado kimelegea, rangi bado mbovu, na vumbi lililolizunguka lilionyesha kuwa hakuna aliyelisogeza. Kama kopo lilikuwa lile lile, basi uzi ndio uliobadilika.

Hapo lazima mtu aelewe hawa ndugu walivyokuwa. Bendi yao ya hevi metali waliianzisha wawili, kaka na dada, enzi wote wana nywele za kutikisa. Sasa kaka alikuwa na upara na kazi ya ufundi bomba, dada alikuwa na miwani na duka la rangi, lakini kelele zilikuwa zile zile. Majirani wapya waliwahi kuja na marungu wakidhani kuna mtu anavamiwa. Bendi nyingi za muziki huo hulegeza nyuzi za gitaa kwa makusudi, zishuke chini ya kipimo cha kawaida ambacho vinanda vyote hupatanishwa nacho, ili mngurumo uwe mzito na umwingie mtu tumboni. Kaka hakutaka hata kusikia habari hizo. Alisema uzi ukilegea na hasira inalegea. Wenzake waliolegeza aliwaita waanika nguo, eti magitaa yao yamefungwa kamba za kuanikia, na maneno hayo aliyasema jukwaani, wenyewe wakiwa wamesimama pale pale mbele yake.

Kwa hiyo Mama Rangi aliposhuka ngazi alikwenda moja kwa moja kwa mpiga besi. Huyu alikuwa mhasibu wa kampuni ya maji, na kwenye bendi walimwita hivyo hivyo, Mhasibu. Kusema uongo hajui. Akijaribu, masikio yanamwiva. Aliulizwa kama nyuzi ziko kwenye kipimo, akajibu ziko, na masikio yakaiva. Mama Rangi akachukua kile kidude cha kupimia sauti, akakibana kwenye kichwa cha besi, akamwambia agonge. Kidude hakina aibu. Kilionyesha kwamba uzi umeshuka sauti nzima na zaidi, umening'inia katikati, si huku wala kule.

"Ni kwa ajili yako, Dada," Mhasibu akasema, akiangalia viatu vyake. "Kaka alisema sauti yako haifiki tena kule juu, na mwenyewe hujui. Akasema tukikwambia tutakuvunja moyo."

Mengine yalimtoka yenyewe. Walikuwa wakishusha tangu mwaka jana, kidogo kidogo, kila baada ya muda, ili sikio lake lisishtuke. Kaka alikuwa anakuja mapema, anashusha gitaa lake, Mhasibu analifuata kwa besi, na mpiga ngoma anaambiwa afunge mdomo. Na kwa lile tamasha la ukumbini lililokuwa linakaribia, walishamtafuta mwanamke mmoja anayeimba kwenye maharusi, asimame nyuma ya pazia na kumpokea Kilele.

Kilele lilikuwa jina la ile sauti ya mwisho ya wimbo wao wa kwanza kabisa. Mama Rangi aliipandisha akiwa peke yake, akaishikilia huko juu, mpaka kaka yake alipovuta uzi wa gitaa kwa kidole, ukapanda na kukutana na sauti yake. Watu walikuwa wanailipia hiyo. Waliinua mikono wakaingojea, na hata waliokuwa nje ya ukumbi wanavuta sigara walirudi ndani. Sasa alikuwa anaambiwa kwamba itaimbwa na bibi mmoja wa harusini, mwenye sauti ya asali, aliyefichwa kama ndoo ya kukingia paa linalovuja.

Damu ilimchemka mpaka miwani ikapata ukungu. Mambo yote ya mwaka mzima yakaanza kupata maana. Nyundo, yule mpiga ngoma, seremala mwenye mikono kama vipande vya mbao, alikuwa amegeuka mwuguzi, kila Jumapili anamletea maji ya moto na tangawizi na kumwuliza kama amelala vizuri. Wimbo ukiisha walimpigia makofi, watu watatu ndani ya stoo, na yeye akafikiri kweli anaimba vizuri kuliko zamani. Walikuwa wamemvika kilemba cha ukoka, naye akakivaa akatembea nacho mjini. Angeambiwa usoni angenuna, kisha angesema haya, shusheni. Lakini watu wazima watatu walikaa kikao wakaupanga uzee wake, na mwenye uzee hakualikwa.

Kaka na Nyundo waliporudi na soda, hakuwatolea uvivu siku hiyo. Alisema kichwa kinamwuma, akawafungia stoo. Alitaka kwanza ajue kama ni kweli.

Nyumbani aliingia bafuni, akafungua rekodi ya zamani kwenye simu, akaimba nayo. Beti za chini zilikwenda vizuri. Kilele kilipofika alivuta pumzi, akapanda, na nusu ya njia sauti ikapasuka. Mumewe akagonga mlango na kuuliza kama maji yamemwunguza. Akajibu ndiyo. Akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, taulo begani, na kwa mara ya kwanza akawaza kwamba labda wale watatu wanasema kweli.

Wiki hiyo dukani alichanganya rangi kama mtu asiyeona. Mkandarasi aliyetaka kijivu cha ofisi alirudi na picha ya ukuta wa waridi na maneno makali. Alirudishiwa rangi nyingine bila ubishi, yeye mwenye duka kichwa kiko kwingine kabisa. Kilichomkera kuliko yote ni jinsi alivyoanza kuamini. Akiwaita wateja kaunta alijisikiliza. Akikohoa alijisikiliza. Ilifika mahali akajikuta anatunga hotuba ya kuaga, ile ya kuwashukuru wote na kusema sasa ni zamu ya wengine, na alipogundua anachofanya aliipiga kaunta kofi mpaka kadi za rangi zikamwagika.

Tangu siku hiyo aliwahi kufungua duka, akajifungia stoo kabla wateja hawajaanza kuja, akaimba. Sauti ilipasuka, akarudia. Ilipasuka tena, akarudia huku akimtukana kaka yake kimoyomoyo. Ukweli ni kwamba mwaka mzima hakuwa amefika kule juu hata mara moja, maana walimpeleka chini bila kumwambia, na koo lisilopandishwa linasahau njia. Polepole likaanza kukumbuka. Lakini kama lingekumbuka mbele ya watu, gitaa likiwa linapigwa, hilo hakuwa na uhakika nalo.

Jumapili iliyofuata aliwakuta wameshafika. Kaka alikuwa amekaa kwenye kopo kubwa la plasta, amekishika kikombe cha chai kwa viganja vyote viwili, na Nyundo ndiye aliyekuwa anamtolea gitaa kwenye mfuko wake. Siku hizi alikuwa anatumikiwa kila kitu, kubebewa gitaa, kufunguliwa makopo, na Mama Rangi alikuwa akiona ni ukubwa tu umempanda kichwani. Mama Rangi alikitoa kile kidude cha kupimia mfukoni mwake akakiweka juu ya spika.

Akasema anajua kila kitu, na kwamba leo watapandisha nyuzi hadi kipimo cha kawaida, na wataupiga wimbo wa kwanza kuanzia mwanzo hadi Kilele. Akishindwa, ataondoka mwenyewe kwa miguu yake na duka litabaki wazi kwa mazoezi yao na huyo bibi harusi wao. Asiposhindwa, watazungumza.

Mhasibu alianza kukaza nyuzi za besi hapo hapo, masikio yakimwaka. Kaka hakusogea. Alisema nyuzi zimeshazoea kulegea, zitakatika. Kisha akasema amplifaya haiko sawa. Halafu akalainisha sauti, ile sauti yake ya kaka mkubwa ambayo tangu utotoni ilimfanya dada arudi nyuma.

"Mdogo wangu, utajiumiza koo bure. Sisi tulikuwa tunakulinda."

"Koo ni langu, Kaka. Kaza."

Akakaza. Alichukua muda mrefu kuliko kawaida, na Mama Rangi akadhani ni kiburi. Alipougonga uzi mnene kujaribu, kule juu kwenye rafu kopo likalia zzzz. Hakuna aliyecheka. Nyundo aliinua macho akalitazama, akayashusha upesi.

Walianza. Mama Rangi aliimba beti za mwanzo akiwa amefumba macho, amekunja ngumi, na hasira yake yote ya wiki ikapata pa kwenda. Gitaa lilikuwa linayumba hapa na pale, lakini hakulijali. Ngoma zilinyamaza mahali pake, besi ikanyamaza, akabaki peke yake na spika zinazovuma. Akavuta pumzi akapanda. Mahali pale pa kupasuka palikuja, akapapita. Akafika. Akakaa kule juu, sauti nene na yenye kutu pembeni, lakini imesimama, naye akaishikilia akingoja uzi wa gitaa upande kukutana nayo.

Uzi haukuja. Gitaa liliinuka kidogo, likatetemeka, likabaki chini yake, na sauti mbili zikasuguana vibaya kwa namna ambayo hata mtu asiyejua muziki angekunja uso. Alishikilia tena, akampa nafasi. Gitaa likajaribu, likaanguka.

Mama Rangi akafumbua macho. Kaka yake alikuwa ameinamia gitaa, jasho linamtiririka upara mzima, na kidole chake cha tatu kimepinda juu ya uzi, kimevimba kwenye maungio, hakiendi mbele wala hakirudi. Alipoona anatazamwa aliutoa mkono na kuuficha kwapani, kama mtoto aliyeshika jiko.

Basi kila kitu kikaonekana kwa mpigo mmoja, kikombe cha viganja viwili, makopo ya kufunguliwa, gitaa la kubebewa. Uzi uliolegea ni laini; hata kidole kibovu kinaweza kuuvuta. Uzi uliokazwa hautaki utani. Miaka yote ya kufunga na kufungua mabomba kwa spana ilikuwa imeingia kwenye vidole vile, na mwenye vidole aliona afadhali afe na tai shingoni kuliko kukiri kwamba na yeye sasa ni mwanika nguo. Akatafuta wa kumbebesha, na wa karibu alikuwa dada yake.

Nyundo na Mhasibu walibaki wameduwaa. Wao pia walikuwa wamedanganywa, na sasa hawakujua waangalie wapi.

"Tangu lini?" Mama Rangi akauliza.

"Tangu mwaka jana. Hata kalamu inanishinda."

"Na ukanipa mimi."

Kaka alijaribu kueleza. Alisema mwimbaji akishushiwa watu wanaelewa, ni jambo la kawaida, wanamwonea huruma na wanaendelea kumpenda. Lakini yeye alishawacheka wenzake mno, wangemla mzima. Na akasema kwamba kusema kweli hakujua kama dada bado anaweza kufika. Alijipa moyo kwamba hawezi, ili asione vibaya.

"Wiki hii nimetunga hotuba ya kuaga," Mama Rangi akasema, na sasa sauti ndiyo ilikuwa inamtetemeka, hapa chini, kwenye maneno ya kawaida. "Nilijifungia bafuni nikalia. Ugonjwa ni wako, Kaka, na mimi ndiye niliyekuwa naenda kuzikwa nao."

Kaka akainamisha kichwa.

Mama Rangi akamwambia kwamba kwenye tamasha watapiga na nyuzi zilizoshushwa, kwa sababu vidole haviazimwi. Mwimbaji wa harusi apigiwe simu leo hii aambiwe abaki kwenye harusi zake. Na kabla ya wimbo wa kwanza, kaka atasimama kwenye maikrofoni na kuwaambia watu ni nani aliyelegeza nyuzi na kwa nini, wakiwemo wale waanika nguo wote watakaokuwa ukumbini. Atasema mwenyewe, kwa mdomo wake. Kaka aliuliza kwa sauti ndogo kama hakuna njia nyingine, na dada akasema hakuna.

Kisha akamnyang'anya gitaa. Akakaa nalo kwenye kopo la plasta, akashika kishikizo cha uzi mnene na kuanza kukizungusha. Aligonga uzi, akasikiliza rafuni. Kopo likalia. Akalegeza kidogo, akagonga, likalia kwa unyonge. Kaka yake alikuwa amesimama mbele yake, mikono imening'inia, amekiacha kile kidole kionekane. Hasira ilikuwa bado imemjaa dada mtu mpaka shingoni na hakuwa na nia ya kuipoza upesi. Akalegeza tena, akagonga tena, mpaka kopo likanyamaza.