Ini la Mwenye Nyumba

Kwa miaka tisa, mbuzi wa Krismasi wa nyumba ya Okullo alichinjwa na Marjan, jirani yao wa ukuta mmoja katika nyumba za polisi. Okullo alikuwa Mkatoliki, Marjan Mwislamu wa Kinubi, na mbuzi aliyechinjwa na Marjan aliliwa na nyumba zote mbili. Ini tu halikugawanywa. Lilikuwa la mwenye nyumba. Akiwa safarini, lilitundikwa juu ya moshi likamngoja. Mwaka wa 1974 Okullo alikuwa kazini Moroto. Alilikuta Januari, gumu kama soli ya kiatu, akalitafuna lote.

"Wewe unachinja kwa jina la Mungu," alimwambia Marjan, "mimi nakula kwa jina la njaa."

Septemba 1977 watu wanne walimchukua Okullo kwa gari lisilo na namba. Anena, mkewe, alikwenda mara sita kwenye ofisi moja ya usalama pale Nakasero, na mara sita akaambiwa jina hilo halijulikani. Marjan alikuwa amehamishiwa kazi ambayo hakuitaja. Anena hakumuuliza kitu. Alimwogopa kwa kiasi kilekile alichomhitaji.

Asubuhi ya Krismasi, akirudi na binti zake watatu kutoka misa ya Lubaga, alimkuta Marjan uani na mbuzi kamfunga.

"Shemeji, mbuzi wa nani huyo?"

"Wetu. Au mwaka huu mnakula maharage?"

"Maharage yenyewe bila chumvi!" Kulusum, mke wa Marjan, akadakia mlangoni. "Chumvi ya Kampala imekwenda Kenya kutafuta kazi."

Watoto wakacheka. Anena naye akacheka, mara ya kwanza tangu Septemba. Mtu hanunui mbuzi, alijiambia, kwa ajili ya nyumba iliyokwisha. Akaingia jikoni, akafunga waya juu ya jiko.

Alipotoka, Marjan alikuwa ameshachuna na kupasua. Ini lilikuwa juu ya jani la mgomba, na kisu kilikuwa kimeshalipita mara moja. Kikalipita tena.

"Shemeji, hilo ni la kutundika. Waya nimeshaufunga."

Marjan hakuinua macho. "Wape watoto."

"Baba yao akirudi..."

"Wape wale likiwa moto, mama Lamunu."

Kulusum aliingia ndani. Anena alisimama. Alikuwa na maswali matatu: lini, wapi, na nani aliyemzika, kama alizikwa. Madirisha ya majirani yalikuwa wazi. Mwenye kujibu angeweza kuchukuliwa kesho yake, na mwenye kuuliza pia. Akayameza yote matatu.

Marjan alifuta kisu kwenye majani, akaosha mikono, akaenda zake.

Lamunu, mkubwa wa watoto, alichoma vipande kwenye kijiti. Akavihesabu, akavihesabu tena.

"Mama, cha baba kipi?"

Anena alichutama, akapuliza moto.

"Kuleni vyote," akasema. "Kuleni kabla havijapoa."