Fulana Nne za Sikitu

Wendelin alisema shikamoo akiwa bado mlangoni, na mgambo wawili nyuma yake. Nikaitikia marahaba bila kuondoa miguu kwenye cherehani. Ni mtoto wa kaka yangu, nimembeba mgongoni, na sasa ndiye mwenyekiti wa mtaa wetu hapa Katindiuka.

"Shangazi, izime kidogo tuongee."

"Hii ni ya miguu, haizimwi. Ongea tu."

Hakucheka. Akanipa simu niangalie picha ambayo nusu ya Ifakara ilikuwa imeshaiona. Jirani yangu Sikitu ameinama shambani, anapandikiza mpunga. Nyuma yake msafara wa kampeni wa mheshimiwa umesimama barabarani. Na kwenye makalio ya Sikitu ni mheshimiwa huyohuyo, anatabasamu, meno yote nje.

Gauni lile nililishona mimi. Nashona magauni ya kushindia kwa fulana za kampeni, zile wanazoturushia kutoka kwenye magari kila baada ya miaka mitano. Mwaka huu wanaahidi daraja, mwaka ule ilikuwa maji, kabla yake mipaka ya mashamba. Daraja sijaliona, maji nachota kisimani, lakini fulana ninazo gunia zima. Kitambaa chake ni laini, kinanyonya jasho, kinavutika. Nikishona nakivuta kidogo kwa vidole ili uzi upate ulegevu, la sivyo mtu akichuchumaa mshono unakatika. Nyuso huwa nazificha mfukoni kwa ndani, maana rangi yake ni ngumu, haivutiki. Ila Sikitu ni mpana. Fulana nne zilitosha kwa shida, na kipande cha kumtosha nyuma kilikuwa kimoja tu, chenye uso. Hakuniagiza. Alitaka gauni lisilombana.

"Mheshimiwa amekasirika," Wendelin alisema. "Wanataka jina la mhusika leo. Wewe saini hapa, basi, tumemaliza."

Akaweka karatasi juu ya meza ya cherehani. Ilikuwa imeshachapwa na kugongwa mhuri. Kidole chake kilionyesha mahali pa sahihi na kiganja kikafunika maneno mengine yote.

"Toa mkono nisome."

"Shangazi, ni mambo ya kawaida tu."

"Toa mkono, Wendelin."

Nyuma ya pazia la chumba cha ndani hakukuwa na sauti hata ya pumzi. Sikitu alikuwa humo, na gauni lenyewe mwilini. Alikimbilia kwangu tangu asubuhi.

Karatasi ilisema mimi Leticia nathibitisha kwamba Sikitu, mke wa mfugaji Ndaki, aliniagiza niweke picha ya kiongozi mahali pale kwa nia ya kumdhalilisha, na kwamba wakazi tunaomba familia hiyo iondolewe bondeni.

Nilisoma mara mbili. Mwaka wa ile operesheni ya kuondoa mifugo bondeni alipita hapa mtu na karatasi kama hii, akasema ni mahudhurio ya mkutano. Nilikuwa sijui kusoma. Nikaweka dole gumba. Kumbe ilikuwa ni orodha ya wenyeji waliolalamikia majirani zao, na wiki ya pili Limbu, kaka yake Sikitu, akapakiwa kwenye lori, ng'ombe wake wakabaki wanazunguka mtoni bila mtu. Nilijifundisha herufi baada ya hapo, kwenye magunia ya mbolea na madaftari ya mwanangu Agnetha. Sikitu nilimwambia mwenyewe nilichofanya. Alikaa miezi minne hanisalimii.

"Nisiposaini?"

"Cherehani inakwenda ofisini. Ni kielelezo." Akashusha sauti. "Utakula nini, shangazi? Kwa ajili ya Msukuma?"

Nikachukua kalamu yake. Nikaandika juu ya maandishi yao, kwa herufi kubwa, kutoka pembe hadi pembe: KITAMBAA HAKIKUTOSHA. NIMEKATA MIMI. LETICIA.

Aliirukia karatasi nikiwa namalizia herufi ya mwisho.

"Yenye mhuri ni hii moja tu," alisema, kama mtu anayeongea peke yake.

"Si ulitaka jina? Hilo hapo."

"Jina lako halinisaidii. Wanataka mtu wa kuondoka."

"Basi niondoeni mimi. Mlete lori. Dereva mwambieni anipeleke kwetu, tuone atawasha gari aende wapi."

Mgambo mmoja akaangalia chini. Wendelin akawaonyesha cherehani kwa kidevu. Wakaishika, mmoja kichwa, mwingine miguu, na gauni la mteja likiwa bado limebanwa chini ya sindano.

Pazia likafunguka. Sikitu alitoka taratibu, akasimama katikati ya chumba, mikono ameiacha ikining'inia.

"Mwenyekiti," alisema, "sikiza. Cherehani ya mama iache. Mimi niko hapa."

"Rudi ndani," nikamwambia.

Hakurudi. Wendelin alimwangalia, akaangalia na karatasi iliyoharibika mkononi mwake. Jina alikuwa nalo, mtu alikuwa naye mbele yake, shahidi hakuwa naye. Alilitazama lile gauni kwa mbele, kutoka shingoni mpaka kwenye pindo. Hakuthubutu kumwambia ageuke.

"Bebeni," akawaambia mgambo.

Wakaibeba, Sikitu wakamwacha palepale. Yeye akatoka wa mwisho, hakuaga.