Mwaliko wa Wete

Samira alilelewa kwa neno moja: kataa neno, usikatae wito. Kwao Ngamiani mtu akibishiwa hodi na kuitwa shughulini, hata kama haendi, hujibu. Aliyefiwa husema amefiwa, mgonjwa husema anaumwa, na aliyetumwa hurudi kwa mwenye shughuli na jibu. Kwa hiyo simu yake ilipoanza kumletea mialiko, naye yumo ndani ya eda ya mumewe Hilal, hakuona ajabu kuijibu.

Wa kwanza ulimkuta anachambua mchele. Simu ililia, kalenda ikafunguka: "Umealikwa kupokea zawadi yako. Leo alasiri. Bonyeza hapa." Mwalikaji hakumjua. Chini palikuwa na maneno matatu ya kuchagua, Ndiyo, Hapana na Labda, pamoja na nafasi ya kuandika. Samira alibonyeza Hapana, akaandika: "Ahsanteni kwa kunikumbuka. Niko eda, sitoki. Mungu awafanikishie shughuli yenu."

Kesho yake ikaja miwili: kikao cha dharura kuhusu akaunti yake, na semina ya kutajirika upesi. Akawaombea heri wote. Baada ya hapo mialiko ikamiminika. Wiki haikwisha, kalenda ikawa imejaa rangi kama kamba ya kanga zilizoanikwa.

Hakuogopa. Alichokuwa nacho ni hamu ya kujua. Watu hawa ni akina nani? Wamekaa wapi, wanaandika wamevaa nini? Mbona shughuli zao zote ni leo leo?

"Hivi wananijuaje?" alimuuliza Mwanakhamis, dada yake Hilal, aliyevuka bahari kutoka Wete, Pemba, kuja kukaa naye.

"Wanakupenda," alijibu Mwanakhamis. "Mjane hajatoka eda, posa zishajaa simuni."

"Wifi, una adabu wewe?"

"Adabu niliiacha Pemba na kuku wangu."

Jioni Imakulata, jirani wa nyumba ya pili, alipiga hodi akiwa na mkate wa boflo mkononi. Alikuwa mhazili katika ofisi moja mjini, na kazi yake nusu ilikuwa kupanga vikao vya mabosi kwenye kalenda kama hiyo. Samira alimpa simu atazame. Imakulata alisoma, akasoma tena, akacheka mpaka akakaa chini mkekani.

"Dada Samira, umewaombea dua matapeli?"

"Nimewapa udhuru. Mtu kakualika, utamnyamazia?"

"Hawa hawajakualika wewe. Wanagonga milango yote ya mtaa, wasikie upi utaitika. Wewe umeitika, tena kwa heshima zote. Sasa wanajua nyumba ina mtu."

Samira aliona haya kidogo, kisha akaona jambo lenyewe ni la ajabu. "Kumbe adabu yangu ndiyo iliyowaita wenzao?"

"Ndiyo hiyo. Dawa yao ni kimya. Usibonyeze hata Hapana. Na hayo maandishi ya 'bonyeza hapa' tunayaita kiungo. Usikiguse, ndiyo ndoana yenyewe."

Imakulata aliingia kwenye mipangilio, akaizuia kalenda isipokee tena mialiko ya watu wasiojulikana. Kisha akaanza kufuta ile iliyokwishaingia, mmoja baada ya mwingine, akiutia alama kuwa ni taka.

"Futa yote," alisema Mwanakhamis, "simu nayo ipumue."

Samira alikuwa akichungulia begani kwake. "Ngoja," akasema. "Huo hapo."

Mbele kabisa, kwenye msimu wa karafuu, palikuwa na mwaliko mmoja wa rangi ileile. "Karafuu, Wete." Aliyealika: Hilal.

Imakulata aliondoa kidole. "Dada, nisikufiche. Matapeli huchukua hata majina ya marehemu. Wanayaokota kwenye rambirambi za mtandaoni."

Samira alijua. Wapwa zake Hilal walikuwa wamebandika picha yake na jina lake kamili, na watu wengi wakaandika pole. Aliutazama mwaliko ule bila kuugusa. Akiufuta nao ukawa wa Hilal, atakuwa ametupa neno la mwisho la mumewe kwa mkono wake. Akiujibu nao ukawa wa wezi, atakuwa amewafungulia mlango tena, safari hii wakiingia kwa jina la marehemu.

"Huo una kiungo?" aliuliza Samira.

"Hauna. Wala haukuombi kitu."

"Basi soma."

Imakulata akasoma: "Tukachume, mimi na wewe. Wewe utakaa kivulini uchambue tu. Usivae ule mtandio wa manjano, kuku wa dada wanauogopa."

Mwanakhamis aliweka kikombe chini. "Kuku wangu," alisema polepole. "Mwaka ule mlipokuja walirukia paani, wasishuke mpaka magharibi. Uani tulikuwa watatu tu. Nani mwengine anajua?"

Hapo Samira akakumbuka. Kabla Hilal hajaanza kuumwa, alikuwa amekaa barazani akamuuliza, "Hujaona kitu simuni kwako?" Akamjibu, "Naona picha za harusi za watu." Hilal akacheka. "Haya, utaona."

Hilal alikuwa mtu wa kuandika kila shughuli kwenye kalenda, maulidi, nikahi, hitima, maana hakupenda kuchelewa kwa watu. Lakini Pemba aliitaja kwa mdomo, na kila alipoitaja Samira alimjibu kwa udhuru wa boti: inanitapisha, siipandi tena. Neno alikuwa amelikataa mara nyingi. Hilal akaona amletee wito.

"Simu yake ipo?" aliuliza Imakulata.

Ilikuwa kabatini, imefungwa ndani ya kikoi chake. Waliichaji, Imakulata akaigawia bando la simu yake. Kalenda ya Hilal ilipofunguka, waliukuta mwaliko uleule, ameuandika mwenyewe, na chini yake mgeni mmoja tu. Samira. Hajajibu.

Samira alilitazama neno lile, Hajajibu. Matapeli wote walikuwa wamepata jibu lake.

Alichukua simu yake.

"Dada, hata usipojibu sasa, hakuna atakayekulaumu," Imakulata alisema.

"Nyamaza, mdogo wangu. Huu nimeitwa mimi."

Akabonyeza Ndiyo. Punde simu ya Hilal ikatetemeka juu ya mkeka. Mwanakhamis akavuta miguu. "Yarabi!"

Imakulata akainama kuisoma. "Samira amekubali."

Nje mtu alikuwa akipiga kengele ya baiskeli, akiuza mihogo.

"Wifi," alisema Samira, "boti ya Wete huondoka siku gani?"

"Maliza eda kwanza ndipo uulize boti."

"Eda inaisha kabla ya tarehe ya mwaliko. Mtandio nitauacha."

"Uuache ya nini?" Mwanakhamis alijifuta macho kwa ncha ya kanga. "Njoo nao. Kuku wale tulishawala zamani. Waliopo hawamjui mtu."